Mashine ya kuchonga meno haitatuchorea meno

Bango la kliniki ya meno Mombasa siku hizi halikamiliki bila neno "dijitali". Ukivuka Daraja la Nyali, ukipita Moi Avenue, hata ukiingia kichochoro cha Majengo penye daktari mmoja na kiti kimoja, utaahidiwa skana, picha ya kompyuta na meno ya bandia yaliyochongwa na mashine. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma ya bango: kwamba tatizo la meno ya kuvaa na kuvua lilikuwa mkono wa fundi, na sasa mkono huo umepata mrithi asiyetetemeka. Tatizo halikuwa hapo. Mabamba mengi yanayoishia kwenye droo, au ndani ya gilasi juu ya kabati, yaliharibika kabla fundi hajawasha moto, kwa sababu hakuna aliyeyachora.

Aliyepoteza baadhi ya meno, si yote, ana njia kuu tatu. Anaweza kuwekewa daraja linalogandishwa juu ya meno jirani, anaweza kupandikizwa mzizi wa titani mfupani, au anaweza kupewa bamba la kuvaa asubuhi na kuvua usiku. Njia mbili za kwanza zina bei inayowakimbiza wengi, na viko vinywa visivyozikubali hata pesa zikiwapo. Kwa hiyo wengi huishia kwenye bamba, na bamba lenyewe aghalabu ni la akriliki: plastiki ya rangi ya ufizi, meno mawili matatu, na nyaya mbili za kushika. Akriliki iliingia katika tiba ya meno mwishoni mwa miaka ya 1930, ikauondoa mpira mgumu uliotumika tangu karne ya 19. Ni rahisi, hukamilika kwa siku chache, na jino jingine liking'oka fundi huongeza la bandia kwenye bamba lile lile. Sifa hizo si ndogo, na nitazirudia baadaye.

Kasoro yake ni kwamba hulala juu ya ufizi peke yake. Kila tonge na kila kipande cha mshikaki hulisukuma chini. Ukingo wake hukwangua ufizi ulioshika shingo za meno yaliyobaki, ufizi hurudi nyuma, mizizi huanza kuonekana. Bibi anayerudi kliniki akisema "mwanangu, hili dude lanipwaya" huwa hakuleta bamba bovu tu. Mara nyingi amekuja pia na meno mawili yaliyoanza kulegea. Bamba linalofaa huyakalia meno. Huwa na viegemeo, yaani vidole vifupi vya chuma vinavyotua juu ya meno imara, ndani ya vijishimo ambavyo daktari ametangulia kuvichonga kwenye jino, kina cha milimita moja au moja na nusu. Nguvu ya kutafuna hupita kwenye kidole, hushuka kwenye jino, huishia mfupani. Ufizi hupumzika.

Kuchonga kijishimo hicho ni kazi ya dakika chache. Lakini kipimo cha kinywa kikishachukuliwa kabla kijishimo hakijachongwa, hakuna skana wala programu itakayokileta.

Na kijishimo ni sehemu moja tu ya mchoro. Kuchora bamba ni kuamua jino lipi libebe mzigo na lipi liachwe lipumzike. Vishikizo vikae wapi na vishike upande gani. Bamba liingie kinywani kwa mwelekeo upi. Ni nini kitakachozuia lisiinuke mtu akila halwa inayonata. Na upande wa kulia uungwe na wa kushoto kwa kipande cha umbo gani. Edward Kennedy, daktari wa New York, aliwasilisha mwaka 1925 mgawanyo wa mapengo katika makundi manne, na hadi leo ndio unaotumika duniani kote. Kundi la tatu ni pengo lenye jino mbele na jino nyuma, na hilo ni jepesi kwa sababu kuna nguzo pande zote mbili. Kundi la kwanza ni la mtu aliyepoteza magego ya nyuma, kulia na kushoto, ambapo nyuma ya bamba hakuna jino la kuegemea, ni ufizi tu. Vinywa hivyo viwili haviwezi kupewa mchoro mmoja. Anayeamua lazima awe amemwona mgonjwa: ametikisa meno kwa vidole, ametazama eksirei kuona mfupa umebaki kiasi gani, amejua ni shavu lipi linalowekwa fundo la muguka tangu alasiri hadi usiku, na bablishi ya sukari pamoja nalo.

Huyo ni daktari. Lakini karatasi ya oda inayofika maabara husema nini? Bamba la juu, meno manne, rangi A3, linahitajika Ijumaa. Basi. Fundi ambaye hajawahi kumwona mgonjwa huachiwa kila uamuzi nilioutaja. Wala huu si ugonjwa wa Mombasa. Tafiti za nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, zimeonyesha kwa miongo mingi kwamba madaktari wengi humwachia fundi uchoraji wa mabamba. Fundi hodari hufanya anachoweza na umbo la plasta lililo mbele yake. Ila jino la plasta halitikisiki, halitoi damu, na halisemi liliuma lini.

Sasa tuweke kompyuta mezani. Programu kama 3Shape na exocad hupokea umbo la kinywa kutoka kwa skana, hukuonyesha kwa rangi tumbo la kila jino, yaani pale lilipobenuka zaidi, liko wapi na chini ya tumbo hilo pana nafasi kiasi gani ya kishikizo kunasa, hukuruhusu kuligeuza umbo lote hadi upate mwelekeo mzuri wa bamba kuingia, kisha huchora fremu, yaani kiunzi cha bamba, juu yake. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kijiti cha chuma kilichosimama wima na penseli ya risasi ikizungushwa kila jino. Kwenye skrini inapendeza, na inakwenda mbio. Programu nyingine hata hupendekeza vishikizo zenyewe. Lakini jino la skrini ni ndugu wa jino la plasta: nalo halitikisiki. Na mchoraji amesogea mbali zaidi. Fundi wa Majengo angeweza kumpigia daktari simu, au kumwambia mgonjwa apite aonekane. Faili hutumwa Nairobi, au nje ya nchi kabisa, kwa mtu anayelipwa kwa kila mchoro na ana foleni ya michoro mingine inamsubiri. Kama karatasi ya oda ilikuwa tupu, teknolojia imeufanya utupu huo usafiri kwa kasi na urudi umepigwa msasa.

Inafaa kukumbuka kwamba fremu ya bamba ndiyo iliyochelewa zaidi kuingia katika mambo haya. François Duret aliandika tasnifu yake kuhusu kuchukua kipimo cha meno kwa mwanga huko Lyon mwaka 1973. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, mgonjwa wa kwanza alipata kijazo cha jino kilichochongwa na mashine ya CEREC pembeni mwa kiti. Fremu ya bamba iliyobuniwa kwa kompyuta na kutengenezwa moja kwa moja kwa chuma ilikuja kuripotiwa miaka 21 baadaye, na watafiti wa Cardiff, Wales, mwaka 2006. Sababu inaeleweka. Kijazo na kofia ya jino ni vitu vidogo vinavyogusana na jino moja. Fremu huzunguka kinywa kizima, ni nyembamba, imejipinda kila upande, na lazima ikubaliane na meno mengi kwa mpigo mmoja.

Faida za njia hii kwa Mombasa zipo, tena ziko mahali ambapo mabango hayapataji. Chukua kipimo chenyewe. Kipimo cha kawaida ni aljineti, unga unaokorogwa na maji na kuganda mdomoni. Maji yakiwa ya vuguvugu huganda upesi, na maji ya mabomba yetu hayajui baridi. Kikishatoka mdomoni kianze kukauka, hunywea. Kikirowa mno, huvimba. Kinatakiwa kimiminiwe plasta mapema. Badala yake hufungwa katika karatasi ya nailoni na tishu iliyoloweshwa, hukabidhiwa mwendesha bodaboda, huvuka Nyali kwenye jua la saa saba, au husubiri feri Likoni na kila mtu mwingine. Plasta nayo hunyonya unyevu wa hewa ya pwani ikiwa gunia limeachwa wazi, ikaanza kuganda inavyotaka. Maabara inayokorogea maji ya kisima yenye chumvi inaharakisha kuganda huko bila kukusudia. Kila hatua hula sehemu ya milimita. Mwishoni bamba halikai, fundi analisugua likae, na vile viegemeo vilivyokuwepo vinabaki vinaning'inia hewani.

Skana inafuta safari hiyo yote. Faili haikauki. Kwa mji wenye jiografia ya kisiwa, joto hili na unyevu huu, naona hiyo peke yake ni sababu tosha ya kliniki zenye uwezo kununua skana kabla ya kufikiria mashine ya kuchonga. Tena umbo lililoskaniwa linaweza kufunguliwa kwa wakati mmoja na daktari aliye Nyali na fundi aliye Changamwe, wakabishana juu ya jino lile lile huku wote wawili wanaliona. Hapo kompyuta inatibu ugonjwa nilioanza nao. Wakiitumia hivyo.

Mashine ya kuchonga yenyewe haijanishawishi kwa kiwango hicho. Hufanya kazi kwa kutoa: unaipa kisahani cha kipenyo cha milimita 98 hivi, nayo hukizungusha na kukila kwa visu vidogo, ikisogea na kugeuka kwa mihimili mitano, hadi kibaki kile ulichochora. Kwa kofia za meno ni jambo zuri, maana unazipanga nyingi ndani ya kisahani kimoja. Fremu ya kaakaa ni upinde mpana na mwembamba. Inakaa peke yake kwenye kisahani kinene, na sehemu kubwa ya ulicholipia inatoka ikiwa vumbi na vipande. Kisahani kikiwa ni mchanganyiko wa kobalti na kromu, chuma kinachotumiwa kwa fremu tangu miaka ya 1930, mashine huchukua saa nyingi na visu huisha kwa haraka. Ndiyo maana maabara kubwa za nje zinazotengeneza fremu za chuma kidijitali kwa wingi hazichongi, huchapisha. Mwale wa leza huyeyusha unga wa chuma tabaka juu ya tabaka, na unga usioyeyushwa hutumika tena. Mashine za namna hiyo ni za kiwanda, wala si za kuwekwa chumba cha nyuma cha kliniki.

Iko njia ya katikati, nayo ndiyo ningeipigia debe kama ningekuwa na debe. Chora kwa kompyuta, chapisha mchoro kwa rezini inayoungua bila kuacha majivu au uchonge kwa nta, halafu usubu kwa chuma kama kawaida. Masonara wa Mombasa wanaijua kazi hiyo kwa undani: umbo la nta linazikwa ndani ya kalibu, nta inayeyuka na kutoka, chuma kinaingia mahali pake. Tofauti ni kwamba kobalti na kromu huhitaji zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi ili kuyeyuka, na kikipoa hunywea kwa asilimia 2 na kitu, kwa hiyo kalibu lazima itanuke kwa kiasi hicho hicho kufidia. Mafundi walioisomea wanaijua hesabu hiyo. Tanuri zipo nchini. Printa ya rezini bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine ya kuchonga yenye mihimili mitano, ambayo ni mamilioni ya shilingi kabla hujanunua visu, visahani na leseni ya programu.

Je, kukaa kwake kinywani kunazidi? Vipimo vilivyochapishwa havisemi kwa sauti moja. Fremu za kuchonga aghalabu hutoka vizuri sana. Zilizochapishwa moja kwa moja kwa chuma wakati mwingine hushindwa na zilizosubiwa kwa ustadi, wakati mwingine huzishinda. Nafasi kati ya kiegemeo na jino ya mikroni (elfu za milimita) 50 hadi 311 imekuwa ikihesabiwa kuwa inakubalika, na njia zote zikifanywa vyema huangukia humo. Kwa hiyo anayekuuzia bamba la mashine kwa madai kwamba la mkono haliwezi kukaa sawa anakuuzia bango.

Kitu ambacho mashine ndogo inachonga kwa raha ni plastiki, na hapa ndipo soko linapoelekea. Iko plastiki moja ngumu, PEEK, ambayo imetumika mwilini kwa muda mrefu katika upasuaji wa uti wa mgongo. Ni nyepesi, haina ladha ya chuma, na kishikizo chake hakimeremeti mtu akicheka. Msichana wa mapokezi katika hoteli ya Nyali au Bamburi ana sababu nzuri kabisa ya kuitaka. Lakini PEEK hunepa. Ukakamavu wake ni kama gigapaskali 4, wakati kobalti na kromu inavuka 200. Ni tofauti ya mara 50. Kishikizo cha chuma kinanasa robo ya milimita chini ya tumbo la jino na kushika barabara. Cha PEEK kinahitaji kufanywa kinene na kipana zaidi, na mara nyingi kinase nusu milimita, ili kishike. Fremu nayo haiwezi kukondeshwa kama chuma. Anayechukua mchoro wa chuma na kubonyeza tu kitufe cha kubadilisha malighafi amechora kitu kitakachopinda kila mtu akitafuna, na kikipinda kinarudi kuukalia ufizi. Tumezunguka dunia nzima, tumerudi kwenye akriliki.

Unene si jambo dogo kwa watu wa hapa. Chuma kinaweza kupita juu ya kaakaa kikiwa nusu milimita hivi; akriliki huhitaji karibu milimita 2. Mwalimu wa madrasa aliyepoteza meno ya mbele ya juu anahitaji ncha ya ulimi ifike kwenye ncha za meno hayo ili herufi za thaa, dhaal na dhaa zitoke kwenye makhraji yake. Mpe bamba nene nyuma ya meno na ulimi hauna pa kukaa. Wanafunzi watamsikia kabla yeye hajajisikia. Mchoraji aliye mbali hawezi kujua kwamba kinywa hiki kinasomesha Qur'ani, wala hakuna mahali pa kujaza hilo kwenye programu, ila daktari anaweza kuuliza kazi ya mtu na kuiandika katika oda. (Na kwa kuwa wazee huuliza swali hili kabla ya kuuliza habari ya kobalti: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi pwani, kusukutua katika udhu na katika josho ni sunna, basi kutovua bamba hakubatilishi udhu. Kulivua usiku na kuliosha ni amri ya daktari.)

Kuna swali la jino linalofuata kung'oka. Watu wengi hawapotezi meno kwa siku moja. Wanayapoteza kwa zamu, moja leo, jingine baada ya miaka miwili. Akriliki, pamoja na ubaya wake wote, humpokea mgeni. Fremu ya chuma inaweza kuungwa kitanzi kipya kwa kuchomelewa, kwa taabu kidogo. PEEK haishikani na akriliki kwa urahisi. Lazima isuguliwe kwa mchanga na kupakwa gundi maalumu, na hata hivyo si kila fundi ana gundi hiyo. Wauzaji hujibu kwamba faili ipo, unaongeza jino kwenye mchoro na kuchonga fremu nyingine. Ni kweli, na kwa mtu mwenye bima nzuri ni jibu. Kwa anayelipa kutoka mfukoni, yaani walio wengi, fremu nyingine ni gharama nyingine. Mgonjwa mwenye meno mawili yenye mashaka angepaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuchagua malighafi, na mchoro wake uandaliwe tangu mwanzo na nafasi ya kupokea hayo mawili.

Halafu kuna lile kundi la kwanza la Kennedy, hasa watu wasio na magego ya chini pande zote mbili. Mtu akitafuna, jino lenye afya huzama kwenye tundu lake kwa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu. Ufizi laini hubonyea zaidi ya hapo, mara kadhaa. Bamba lililoegemea jino mbele na ufizi nyuma basi huinama kila tonge, likilitikisa lile jino la mwisho. Waliotangulia walilijua hili. Walikuwa wakitengeneza fremu kwanza, kisha wakiirudisha kinywani ikiwa na kitrei cha nyuma ili kuchukua kipimo cha pili cha ufizi ukiwa umebanwa kama unavyobanwa wakati wa kula. Skana inauona ufizi ukiwa umelala, haijui utabonyea kiasi gani. Tena ufizi wa chini nyuma unatikiswa na ulimi na shavu, umelowa mate, hauna alama ambazo kamera ingezitumia kuunganisha picha moja na nyingine. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii akiambiwa "hatuchukui tena vipimo vya kutapisha, tunapiga picha tu", asifurahi haraka. Kinywa chake ndicho kilicho mbali zaidi na uwezo wa kifaa, na bado kinahitaji kile kipimo cha pili cha mkono.

Nani basi anunue nini? Kliniki binafsi yenye wagonjwa wa kutosha inunue skana na impeleke daktari wake akajifunze upya kuchora, maana wengi wetu mara ya mwisho tulichora fremu kwa ajili ya mtihani. Mashine ya kuchonga iwe moja kwa maabara nyingi. Inahitaji kazi mfululizo ili ijilipe, na inahitaji mambo ambayo mji huu hauyatoi bure. Stima ikikatika katikati ya kazi, kisu hukwama na kisahani huharibika, kwa hiyo betri za akiba si anasa. Hewa ya kompresa lazima iwe kavu, na hewa ya Mombasa ni maji yaliyojificha. Bila kikaushio, unyevu na chumvi vitaingia kwenye mihimili ya mashine na fundi wa kuitengeneza atatoka Nairobi kwa gharama yako. Maabara tano au sita zikichangia chombo kimoja, zikagawana zamu na fundi mmoja wa kukitunza, hesabu inaweza kukubali. Kila moja ikinunua chake kwa mkopo, zitalazimika kukilisha, na chombo chenye njaa humfanya daktari amwandikie kila mtu PEEK.

Nashuku hospitali ya umma inaweza kuongoza hapa kuliko soko. Coast General ni hospitali ya mafunzo na rufaa. Wanafika humo watu wa kaunti zote za pwani, na wengi wao wanahitaji bamba kuliko wanavyohitaji mzizi wa titani. Skana moja, kompyuta moja, na kanuni moja kwamba hakuna oda itakayotoka bila mchoro uliotiwa saini na daktari, vingebadilisha mabamba ya watu zaidi kuliko mashine ya kuchonga iliyonunuliwa kwa tenda na kufunikwa kitambaa baada ya hotuba. Mafundi wachanga wakikalishwa upande mmoja wa skrini na madaktari wanafunzi upande wa pili tangu chuoni, wataacha kutumiana karatasi tupu watakapofika kazini. Kazi ya fundi haiishi, inahama. Kuzika nta na kusugua kalibu kutapungua. Kupanga meno yaumane vizuri, kupika akriliki juu ya fremu na kuling'arisha bamba bado ni kazi ya vidole, na kuchora kwa kompyuta ni kazi mpya yenye malipo kwa atakayejifunza mapema.

Limebaki la faili. Sura ya kinywa chako ni taarifa ya afya, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaiweka taarifa ya afya katika fungu la data nyeti. Kuipeleka data ya aina hiyo nje ya nchi kunahitaji ridhaa yako na kinga za kisheria, na unayo haki ya kupewa nakala yako au kuihamishia kwa mtoa huduma mwingine. Sijaona watu wakiulizwa ridhaa hiyo wanapokaa kitini. Huulizwa rangi ya meno. Dai lile kwamba "ukipoteza bamba tutakuchongea jingine kwa saa chache" ni kweli ikiwa faili iko mkononi mwako au mwa kliniki iliyo wazi. Daktari akihama, maabara ikifungwa, au mchoraji wa ng'ambo akiisafisha kompyuta yake, unaanza upya kwa kipimo kipya na malipo mapya. Kwa hiyo unapolipa salio, omba ile faili ya skana na ile ya mchoro, zote mbili, ziwekwe kwenye flashi au zitumwe kwenye barua pepe yako, pamoja na jina la malighafi iliyotumika na jina la aliyechora.

Wakikujibu kwamba aliyechora hajulikani, una haki ya kuuliza kwa nini unalipishwa bei ya dijitali.